Shajara ya mradi: gretingi za jelatini zenye fahirisi ya refraksheni inayopanda na kushuka taratibu

4 Machi 2024: Lengo na hesabu

Mradi huu unafanyika katika maabara ndogo ya fizikia jijini Dar es Salaam. Lengo lake ni kutengeneza gretingi za difraksheni za kupitisha mwanga, yaani mabamba ya mistari myembamba yanayogawa mwanga katika rangi zake, zenye mistari 1,000 kwa milimita, zitakazochukua nafasi ya karatasi za plastiki zilizomo ndani ya spektrometa za wanafunzi. Karatasi hizo hugawa mwanga kwa mifereji iliyochapwa usoni mwake, na sehemu kubwa ya mwanga hupotelea katika oda zisizohitajika, yaani miale inayotoka kwa pembe nyingine. Gretingi tunazozikusudia hazina mfereji wowote. Ndani ya utando wa jelatini wenye uso laini, fahirisi ya refraksheni (kipimo cha jinsi kitu kinavyopunguza kasi ya mwanga) hupanda na kushuka taratibu kutoka mstari hadi mstari, kwa umbo la wimbi, na mwanga unaoingia kwa pembe ya Bragg, yaani pembe ambayo mistari yote husaidiana kuupeleka upande mmoja, huhamia karibu wote katika oda moja.

Njia hii ina historia ndefu. Mtafiti Shankoff alieleza mwaka 1968 jinsi jelatini yenye daikromati (chumvi ya kromiamu inayoitikia mwanga) inavyoweza kurekodi hologramu zisizofyonza mwanga, na mwaka 1969 Kogelnik wa Bell Laboratories, maabara ya utafiti ya Marekani, alichapisha nadharia ambayo bado ndiyo tunayoitumia kukokotoa ufanisi, yaani sehemu ya mwanga inayohamia oda inayotakiwa. Mwaka 1998 watafiti Barden, Arns na Colburn walipendekeza gretingi za aina hii kwa ajili ya darubini za kutazamia nyota, na leo zimo katika spektrografu (kifaa cha kurekodi rangi za mwanga) ya AAOmega nchini Australia na ile ya DESI kule Arizona. Tunayataja haya kwa sababu moja: kifaa kinachotumiwa kupima umbali wa galaksi hutengenezwa kwa jelatini, maji na pombe, vitu ambavyo maabara yenye bajeti ndogo inaweza kuvipata.

Kwa mujibu wa Kogelnik, ufanisi wa gretingi ambayo mistari yake imesimama wima ndani ya utando ni sin²(πΔn·d / λcosθ), ambapo λ ni urefu wa wimbi la mwanga, d ni unene wa utando, Δn ni kimo cha badiliko la fahirisi, na θ ni pembe ndani ya jelatini. Tulichagua kilele kiwe karibu na nanomita 589, kwenye rangi ya njano ya sodiamu. Mistari ikiwa imeachana kwa mikromita 1, pembe ya Bragg hewani ni nyuzi 17.1, na zao la Δn na d linatakiwa liwe takribani mikromita 0.288. Utando wenye unene wa mikromita 8 unahitaji basi Δn ya 0.036, kiasi ambacho jelatini ya daikromati hukifikia bila shida.

Uamuzi wa kusimamisha mistari wima ulifanywa kwa makusudi. Jelatini huvimba na kusinyaa kwa kina tu, kwa kuwa upande wa chini imeshikwa na kioo. Mistari iliyo wima haibadilishi nafasi zake utando unapovimba, lakini iliyolala kwa pembe huinama zaidi au kuinuka, na pembe ya Bragg huhama nayo. Anayetaka kuiga kazi hii aanze na mistari ya wima.

18 Machi 2024: Kumwaga utando

Unene hauhitaji mashine ya kuzungusha. Jelatini kavu yenye unene wa mikromita 8 ina uzito wa takribani miligramu 1.1 kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo bamba la kioo la milimita 50 kwa 50 linahitaji miligramu 27. Tuliyeyusha gramu 3 za jelatini na gramu 0.6 za amoniamu daikromati katika mililita 100 za maji yaliyochujwa, kwa nyuzijoto 50, kisha tukamwagia kila bamba mililita 0.9 kwa sirinji na kuzisambaza kwa ubavu wa sirinji hiyo hadi pembeni. Kazi yote baada ya daikromati kuingia ilifanywa chini ya taa nyekundu.

Mabamba ya mwanzo yalikauka yakiwa na unene usiolingana: upande mmoja ulikuwa na rangi ya chungwa iliyokolea na mwingine ulipauka. Meza ilionekana sawa kwa macho, lakini pima maji ilionyesha mwinamo mdogo, na kimiminika kilikuwa kikitambaa polepole kuelekea upande wa chini kabla ya kuganda. Tuliweka kioo kinene juu ya skrubu tatu, tukakisawazisha kwa pima maji katika pande mbili, na tukapoza kioo hicho kidogo ili jelatini igande ndani ya dakika chache. Hitilafu hiyo haijarudi tena.

Jelatini yenye daikromati hujifunga polepole hata gizani. Hapa kwetu, kwenye joto la nyuzi 29, mabamba yaliyolala siku mbili huwa magumu mno kiasi cha kutofaa kwa gretingi. Tunamwaga jioni na kuanika usiku, na tunayatumia asubuhi inayofuata.

Gharama hadi sasa: jelatini ya gramu 250, shilingi 12,000, amoniamu daikromati ya gramu 100, shilingi 65,000, mabamba 40 yaliyokatwa na fundi wa vioo, shilingi 500 kila moja. Leza ya nanomita 457 yenye nguvu ya miliwati 50 tuliazimwa, na kwa haki ndiyo ingekuwa gharama kubwa kuliko zote. Leza ya kijani ya nanomita 532 haifai kwa kazi hii, kwani daikromati karibu haiioni kabisa.

9 Aprili 2024: Mistari inayokimbia

Mpangilio wa kuandika mistari kwa leza ni wa kawaida. Mwale wa leza unagawanywa sehemu mbili, kila nusu inapita kwenye lenzi ya hadubini na tundu dogo la kuusafisha, kisha nusu hizo zinakutana juu ya bamba, kila moja ikiwa nyuzi 13.2 kutoka kwenye mstari unaosimama pembe mraba juu ya uso wa bamba. Njia mbili zilipimwa kwa uzi hadi tofauti yake ikawa chini ya milimita 5, kwa sababu leza ndogo za aina hii hupoteza upatanifu wa mawimbi njia zinapotofautiana sana. Vyote vimekaa juu ya bamba la saruji lililolazwa kwenye mipira ya ndani ya matairi ya pikipiki, iliyojazwa upepo kidogo. Saruji na mipira viligharimu shilingi 85,000.

Mabamba ya kwanza kuangazwa hayakutoa gretingi yoyote. Ili kuona kinachotokea, tuliweka mahali pa bamba lenzi ya hadubini ya mara 40, na nyuma yake kamera ya kompyuta iliyotolewa lenzi yake. Mistari ya mwingiliano, yaani ya mwanga na giza inayotokea miale miwili inapokutana, ambayo imeachana kwa mikromita 1, ilionekana wazi kwenye skrini, na ilikuwa ikikimbia. Kiyoyozi kilipowaka, mistari kadhaa ilipita sehemu moja ndani ya muda mfupi kuliko tunaouhitaji kuangaza bamba. Mistari ikihama taratibu kwa nafasi moja nzima wakati wa kuangaza, penye giza hupata mwanga sawa na penye mwanga, na rekodi inafutika.

Hapa ndipo ugumu halisi wa kufanya kazi hii pwani ulipojitokeza. Kiyoyozi kinavuruga mistari, lakini kikizimwa unyevu wa hewa chumbani hupanda kutoka asilimia 50 hadi kupita 80, hasa wakati huu wa masika, na jelatini hunywa unyevu huo ndani ya dakika chache. Utando ulionyweshwa hivyo unavimba wakati ule ule unapoangazwa, na daikromati iliyomo ndani yake hubadilisha wepesi wake wa kuitikia mwanga kutoka bamba hadi bamba. Kwa majuma kadhaa tulikuwa tukichagua kati ya ubaya mmoja na mwingine.

Suluhisho lilikuja kutoka kemia ya zamani. Mmumunyo wa chumvi ulioshiba hushikilia unyevu wa hewa iliyo juu yake katika kiwango kisichobadilika, na potasiamu kaboneti hushikilia asilimia 43 kwa joto la nyuzi 25, ikishuka kidogo tu joto linapopanda. Tulijenga sanduku la mbao linalofunika mpangilio mzima, tukaweka ndani yake sahani mbili pana za mmumunyo huo, na bamba likawa linakaa humo kwa saa moja kabla ya kuangazwa. Kiyoyozi sasa kinazimwa dakika 40 kabla ya kazi, na hewa ndani ya sanduku inatulia bila kujali kinachoendelea nje. Kwenye kamera mistari ilihama kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya nafasi yake kwa muda wote wa kuangaza. Potasiamu kaboneti ya gramu 500 iligharimu shilingi 38,000, na hakuna fedha iliyotumika vizuri zaidi katika mradi huu.

Jambo lingine dogo lililoonekana siku hizo hizo: mwanga unaopita kwenye utando hurudishwa na uso wa nyuma wa kioo na kuandika mistari mingine isiyotakiwa. Tunapaka glisarini nyuma ya bamba na kubandika juu yake kioo kilichopakwa rangi nyeusi upande wa mbali. Hilo lilimaliza tatizo.

30 Aprili 2024: Utando wenye weupe wa maziwa

Ni vizuri kueleza kwanza kile ambacho hatua ya maji inafanya, kwa kuwa kila kosa la sehemu hii linatokana na kutoielewa. Palipoangaza leza, kromiamu ya valensi sita imegeuka kuwa ya valensi tatu, nayo imefunga minyororo ya jelatini pamoja. Kufikia hapo tofauti ya fahirisi bado ni ndogo sana. Bamba likiingia majini, daikromati iliyobaki huoshwa, na jelatini huvimba kidogo palipofungwa na zaidi pasipofungwa. Kisha isopropanoli (aina ya pombe) huyanyang'anya maji hayo kwa ghafla, na tofauti ya uvimbe inabaki imeganda kama tofauti ya msongamano. Leza imechora ramani tu. Fahirisi yenyewe hujengwa na maji kuingia na kutoka.

Mabamba yetu yalipita kwenye fiksa (dawa ya kusafishia picha) yenye kigumishi kwa dakika tano, kisha maji ya bomba kwa dakika tano, kisha isopropanoli ya asilimia 50, ya 90 na safi, dakika tatu kila moja. Yote yalitoka na weupe wa maziwa. Gretingi ilikuwepo, kwani doa la oda ya kwanza lilionekana, lakini mwanga mwingi ulitawanyika ukutani kama ukungu.

Maelekezo tuliyoyafuata yaliandikwa na watu wanaofanya kazi penye baridi, ambako maji ya bomba hayazidi nyuzi 20. Maji ya bomba letu yalikuwa nyuzi 28.5. Katika joto hilo jelatini laini huvimba kupita kiasi, na inaponyang'anywa maji huacha matundu makubwa yanayokaribia urefu wa wimbi la mwanga, ambayo ndiyo yanayotawanya. Tulipoza maji kwa barafu iliyofungwa ndani ya mifuko ya plastiki hadi nyuzi 20, na weupe ukapungua sana kwa gharama ya shilingi 1,000 ya barafu kwa siku. Tulijaribu pia nyuzi 15: utando ulitoka safi kabisa, lakini Δn ilikuwa ndogo mno. Nyuzi 20 hadi 21 ndiyo nafasi yetu ya kazi, na kipimajoto hakitoki kwenye beseni.

11 Juni 2024: Umande na pombe iliyochoka

Weupe ulipungua lakini haukuisha. Ulibaki kwa mabaka, mara nyingi kwenye ukingo wa chini wa bamba, na uliongezeka kadiri siku ya kazi ilivyosonga. Sababu zilikuwa mbili, na ilichukua muda kuzitenganisha.

Ya kwanza ni kwamba isopropanoli safi hufyonza maji kutoka hewani. Beseni lililoachwa wazi katika hewa ya asilimia 80 halikuwa safi tena kufikia mchana, na kila bamba lililopita lilikuwa limeongeza maji mengine. Tulitambua hilo kwa kupima msongamano: mililita 50 zilizopimwa kwa uangalifu zilikuwa nzito kuliko zilipofunguliwa. Sasa beseni la mwisho ni chupa pana yenye mfuniko, pombe yake inabadilishwa baada ya mabamba manne, na ile iliyotoka hushushwa daraja kuwa ya asilimia 90.

Ya pili ni umande. Bamba linapotolewa kwenye pombe, pombe hukauka kwa kasi na kupoza kioo. Hewa ya nyuzi 29 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande kioo kikishuka chini ya takribani nyuzi 25, na kushuka huko hutokea ndani ya sekunde chache. Matone yasiyoonekana kwa macho huivimbisha jelatini upya mahali pale yanapotua. Tulifanya mambo mawili kwa pamoja: pombe ya mwisho inapashwa hadi nyuzi 45 ndani ya maji ya moto, mbali kabisa na mwali wowote kwa kuwa mvuke wake hushika moto upesi, na bamba linatolewa likiingia moja kwa moja kwenye boksi lenye silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu) na feni ndogo. Mabaka yakaisha. Isopropanoli ya lita 5 iligharimu shilingi 90,000 na ilimalizika ndani ya wiki tatu, hivyo ndiyo matumizi makubwa ya kila mwezi.

2 Julai 2024: Mwanga mwingi kupita kiasi

Kusi inavuma, hewa imekauka kidogo, na mabamba yanatoka safi yakifanana. Kwa hiyo iliwezekana kupima kipimo cha mwanga kwa uaminifu. Jumla ya miale miwili juu ya bamba ni miliwati 0.8 kwa sentimita ya mraba, na muda ulibadilishwa ili kupata milijuli 60, 100, 150 na 220 kwa sentimita ya mraba. Ufanisi ulipimwa kwa leza ya kijani ya nanomita 532 na nyekundu ya nanomita 650, kila moja kwenye pembe yake ya Bragg.

Milijuli 60 zilitoa asilimia 48 kwa kijani na 36 kwa nyekundu. Milijuli 100 zilitoa 84 na 85. Milijuli 150 zilitoa 65 na 85, na milijuli 220 zilitoa 24 na 62.

Anayepima kwa kijani peke yake angedhani kwamba bamba la milijuli 220 halikuangazwa vya kutosha, na angeongeza muda na kuharibu zaidi. Ukweli ni kinyume. Kwa kuwa ufanisi hufuata mraba wa saini, Δn ikizidi kiasi, mwanga uliohamia oda ya kwanza huanza kurudi oda ya sifuri. Rangi mbili huonyesha upande uliopo: kijani ikiizidi nyekundu kwa mbali, Δn bado ni ndogo, nyekundu ikiizidi kijani kwa mbali, Δn imepitiliza. Zikilingana, kilele kipo kati yake, na hapo ndipo tulipopataka. Tumebaki na milijuli 100, yaani sekunde 125. Sehemu ya hasara iliyobaki, karibu asilimia 8, ni mwanga unaorudishwa na nyuso mbili za nje, na haihusiani na jelatini.

Tunatumia milimita 30 za katikati ya bamba peke yake, kwa sababu pembezoni mwanga wa leza hupungua na Δn hupungua nao.

23 Julai 2024: Mabaki ya kromiamu

Kromiamu ya valensi sita ni sumu na husababisha saratani. Hakuna tone lake linaloingia kwenye sinki letu, na maji ya kuoshea yanakusanywa pamoja na mabaki ya jelatini. Glavu hazivuliwi wakati wowote wa kazi. Kila wiki mabaki yanatiwa asidi kidogo hadi pH 2 au 3, kisha sodiamu metabaisulfaiti hadi rangi ya chungwa igeuke kijani kabisa, ishara kwamba kromiamu imeshuka hadi valensi tatu. Chokaa inaongezwa hadi pH ifike kati ya 8 na 9, tope la kijani linatuama, linachujwa na kukaushwa, na linahifadhiwa kwenye chombo chenye lebo hadi likabidhiwe kwa watu wenye kibali cha kuteketeza taka za kemikali. Asiyeweza kutenga nafasi na muda kwa hatua hii asianze mradi.

20 Agosti 2024: Kufunga na kupima

Bamba lisilofunikwa hufa lenyewe, kwani unyevu huirudisha jelatini kwenye hali yake ya awali. Mabamba ya kwanza kufunikwa kwa kioo na gundi ya epoksi yalionekana mazima kwa majuma mawili, kisha ufanisi ukaanza kushuka kutoka kingoni kuelekea ndani. Gundi haikuwa na kasoro. Jelatini ilikuwa imefika hadi ukingoni mwa kioo, na unyevu ulikuwa ukipita ndani ya jelatini yenyewe. Tangu hapo tunakwangua milimita 6 za ukingo kwa wembe, tunaoka bamba kwa nyuzijoto 100 kwa saa moja, na tunalifunika lingali na joto ili gundi ishike kioo kwa kioo pande zote. Gundi na vioo vya kufunikia vimegharimu shilingi 30,000 kwa mabamba kumi.

Nafasi ya mistari ilipimwa kwa leza ya heliamu na neoni ya nanomita 632.8 ikipiga bamba wima. Kwa umbali wa mita 1 doa la oda ya kwanza lilitua sentimita 81.9 kutoka katikati, likiwa hafifu kwa sababu pembe hiyo si ya Bragg, lakini likisomeka vizuri gizani. Hesabu inatoa mistari 1,001 kwa milimita. Baada ya kufunikwa, ufanisi ni asilimia 83 kwa kijani na 84 kwa nyekundu.

Gretingi moja imewekwa kwenye spektrometa yenye lenzi ya milimita 150 na mwanya wa milimita 0.05. Katika mwanga wa jua, mistari miwili ya sodiamu, nanomita 589.0 na 589.6, inaonekana ikiwa imeachana waziwazi, na mstari wa hidrojeni wa nanomita 656.3 umesimama mweusi upande wa nyekundu. Karatasi ya plastiki katika spektrometa hiyo hiyo ilionyesha ile ya sodiamu kama kivuli kimoja.

Mabamba sita yaliyofungwa kwa utaratibu mpya yamewekwa nje ya kiyoyozi, kwenye rafu iliyo wazi, na yatapimwa kwa leza zile zile mbili kila mwisho wa mwezi hadi masika ijayo ipite. Matokeo yataongezwa hapa pamoja na hatua inayofuata, ambayo ni mistari 1,800 kwa milimita. Pembe ya miale huko itapanda hadi nyuzi 24.3 kila upande, na sanduku la unyevu litabidi lijengwe upya kwa upana.